Mugonjwa wa Kazadi

"Hapana, Kazadi, usinishike mukono. Jibu tu. Ni weye ulimuita, ao ni yeye alikuomba?"

"Mama Emma, punguza sauti. Bantu bangali banalala."

"Balamuke. Balamuke wote, basikie. Muntu alichunga mashini mu usine miaka kumi na nane, leo unamupeleka ku mulima kubeba makala sawa punda."

Na kweli tuliamka. Ilikuwa mwezi wa sita, ile baridi ya alfajiri inayoingia mpaka kwenye meno, lakini ugomvi wa ukutani ni ugomvi wa ukutani, hauna baridi. Mama Tina alitoka na mwiko wake mkononi, mafuta ya mandazi bado yanadondoka, akasimama pale penye tofali lililovunjika ili aone vizuri.

Kazadi aliuachia mkono. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini kwa Rosalie, mama yake Emma, mke wa jirani yake Banza, aliyapima kwanza. "Mume yako ananipita minye ku kinga. Kila siku ya Mungu alikuwa anaenda Kambove na kurudia, hakuna kintu anafuata. Ni kwenda tu."

"Kwenda bure na kwenda na mizigo ni kintu moja?"

"Nitamuweka mbele yangu. Macho yangu yatakuwa ku mugongo yake, kwenda na kurudia."

Banza mwenyewe, anayegombaniwa, alikuwa amechuchumaa anapampu gurudumu la nyuma, kana kwamba wanaosemwa ni watu wa avenue nyingine. Baiskeli yake, au kinga kama tunavyosema huku, ilikuwa nyekundu, nyepesi, ya mashindano, ila wiki ile alikuwa ameibadilisha magurudumu na kuichomelea vyuma vya kushikilia magunia. Ilionekana kama bwana harusi aliyevalishwa koti la mlinzi. Tangu lango la kiwanda lifungwe, miaka miwili sasa, Banza alikuwa amekaa nyumbani anapangusa baiskeli hiyo. Alipanda, akamtazama mkewe, akasema, "Rosalie, tutaonana magaribi," basi. Rosalie alimgeuzia mgongo. Hakuna aliyemlaumu, sisi sote tulidhani kuna jioni.

Walitoka na wachimbaji waliokuwa wakielekea Kamatanda, makoleo begani, halafu wakajitenga nao na kushika njia ya Koni. Ni kilomita kama arobaini mpaka kwenye matanuru ya makala, ndio mkaa wetu wa kupikia, na zile za mwisho ni milima mitupu. Kazadi alikuwa na miaka kumi kwenye njia hiyo. Mashavu yake ya miguu yalikuwa magumu kama mihogo mikavu. Lakini siku hiyo alikiri, na baadaye alituambia mara nyingi, kwamba hakuwahi kuona mtu anaendesha vile. Banza alikuwa haendeshi, alikuwa anaimba kwa miguu. Kwenye kila mteremko mdogo aliinama juu ya usukani, akaachia breki, koti likajaa upepo, kisha akamngoja Kazadi chini akiwa anacheka.

"Weye utanivunjia mapafu," Kazadi alisema.

"Uzee, mon frère. Sema tu uzee."

Mlima mkubwa wa njia ile wabeba makala wanauita Mama-Mukwe, kwa sababu unaupanda umeinamisha uso, huthubutu kuutazama. Waliupanda wakisukuma. Juu kabisa Banza alisimama. Chini ulionekana mto Lufira unang'aa kama sahani iliyooshwa, na nyaya za umeme zikitoka kwenye bwawa la Koni zikaruka juu ya milima, juu ya vijiji visivyo na hata taa moja, zikienda zao migodini. Moshi wa majani yaliyochomwa ulikuwa umelala mabondeni.

"Kazadi," Banza alisema, "miaka hii yote ulikuwa unaona hii kintu, na haukuniambia hata siku moja."

Kazadi akatazama. Yeye alikuwa anaona njia tu, na mawe yake.

Kwenye matanuru waligombana kidogo juu ya magunia. Sheria ya wabeba makala iko wazi: safari ya kwanza, magunia mawili. Banza alitaka matatu. Mchoma makala, aliyekuwa mweusi wa vumbi mpaka kwenye kope, alicheka akasema huyu bwana ana miguu ya bibi harusi, mpeni moja. Banza hakucheka. Kazadi alimtazama usoni, akaona ile miaka miwili ya kukaa nyumbani. Akamfungia matatu.

Kumpanda Mama-Mukwe kwa upande wa pili, mkiwa na mzigo, ni kazi ya watu wawili kwa baiskeli moja: mnasukuma ya kwanza hatua mia, mnaiegemeza, mnarudi kuchukua ya pili. Ilipita saa nne za asubuhi walipofika kileleni, nguo zimelowa. Hapo Kazadi alikata matawi mawili mabichi, yenye majani mengi, akayafunga nyuma ya kila baiskeli kwa vipande vya mpira, ili yaburute chini na kuizuia isikimbie. Akamfundisha tena, ingawa alikuwa amemfundisha njiani.

"Unatembea pembeni, mukono wa kushoto. Haupandi. Hata njia ikinyooka sawa meza, haupandi. Kinga ikikushinda, achilia. Itaanguka, tutaokota. Makala haina mama."

"Nimesikia."

"Mugeni anatangulia. Minye niko nyuma yako."

Wakaanza kushuka. Na hapa ndipo Kazadi anaposimama kila anaposimulia, anatazama mikono yake. Kwa sababu kwenye kona ya kwanza alikutana na Rolly, mbeba makala mwenzake, anapanda na baiskeli tupu, na Rolly alikuwa na habari. Ilihusu Adolphe wa soko la chini, ambaye mke wake wa kwanza na wa pili, waliokuwa hawasalimiani, walikutana kwa mganga mmoja kwa siku moja, kila mmoja akiwa na shati moja la Adolphe. Habari kama hiyo huiachi. Mimi mwenyewe nisingeiacha. Kazadi aliegemeza baiskeli yake kwenye jiwe. Alisema ilikuwa dakika mbili. Siku nyingine anasema tano.

Rolly alipokwisha kwenda zake juu, Kazadi akashika baiskeli na kusikiliza. Alikuwa anasikia tawi la Banza likiburuta mbele, baada ya kona ya pili: shaa, shaa, shaa. Halafu hakulisikia. Hakusikia kelele wala mlio wa kitu. Tawi tu lilinyamaza.

Alimkuta kando ya njia, amelala ubavu, baiskeli nyekundu juu yake na magunia mawili yamepasuka. Ncha ya usukani ilikuwa imemgonga kwa nguvu chini ya mbavu, haikutoboa ngozi. Hapakuwa na damu nje. Ukimwona ungesema mtu amejilaza. Mikono yake yote miwili ilikuwa bado imeshika usukani, na Kazadi ilibidi aifungue kidole kimoja kimoja.

"Nilipanda," Banza alisema. Alikuwa na aibu kuliko maumivu. "Njia ilinyooka pale, Kazadi. Nikapanda kidogo tu."

"Juu ya nini haukuachilia?"

Banza akafikiri, kana kwamba swali ni gumu. "Sijue kuachilia kinga," alisema.

Kazadi alimwita Rolly mpaka sauti ikapasuka. Mlima ukairudisha sauti yake ileile. Basi akashusha makala yake yote, akayaacha chini. Akamkalisha Banza nyuma ya baiskeli yake mwenyewe, iliyo nzito na imara, katikati ya vyuma vya kushikilia mizigo, gunia tupu chini kama mto, na akamfunga kwa mipira kiunoni na kifuani. Baiskeli nyekundu akaivuta vichakani.

"Gurudumu imepinda?" Banza aliuliza.

"Haikupinda." Ilikuwa imekunjwa kama chapati.

Walishuka polepole. Kazadi alikuwa akiizuia baiskeli kwa kifua na kwa visigino. Hospitali ilikuwa Likasi, mjini kwetu, na Likasi ilikuwa saa saba za kutembea. Banza alilalamika baridi, Kazadi akavua koti akamvalisha. Akasema mipira inambana, Kazadi akailegeza. Kisha akasema, "Usimuambie Rosalie nilipanda. Sema kinga ilinishinda."

"Utamuambia weye mwenyewe."

"Weye uko na mudomo kunipita."

"Njo sababu unyamaze, upumuzike."

Lakini aliogopa anaponyamaza. Kwa hiyo akaanza kumpa ile habari ya Adolphe na wake zake wawili na shati, akaitia chumvi, akaigiza sauti ya mke mkubwa, "Weye pia unatafuta dawa ya kupendwa? Kumbe hata weye hakupende?" Nyuma yake alisikia Banza anacheka, cheko fupi, kama mtu anayekohoa. Akaendelea. Alifika pale ambapo mganga anawaambia wale wake wagawane dawa nusu kwa nusu, na hapo ndipo watu wote hucheka. Hakusikia kitu. Alijua. Hakugeuka, alimaliza habari yote kwanza, mpaka mwisho, na ndipo akasimamisha baiskeli na kutazama.

Alikaa chini njiani, kiasi cha kuvuta sigara moja, ingawa havuti.

Lazima nieleze kitu ambacho kila mbeba makala anakijua. Njia ile ina vijiji, na kila kijiji kina ardhi yake na wenye ardhi. Mtu wa mbali akifa kwenye ardhi ya watu, ameichafua. Hapiti tena. Wazee wataketi, watauliza aliuawa na nani, wataitwa ndugu zake, utatafutwa mbuzi wa kuosha ardhi, na siku zinakwenda. Mwaka uliopita mwenzao mmoja alizuiwa hivyo siku tatu chini ya mlima, na mwili haungoji siku tatu. Mkewe alipofika alionyeshwa kifusi cha udongo kati ya makaburi ya watu asiowajua, na hata kulia hakujua aanzie wapi. Kwa hiyo wabeba makala wana neno lao: mgonjwa anapita, maiti inabaki.

Kazadi akasimama. Akamkaza Banza mipira, safari hii kwa nguvu. Akamteremshia kofia mpaka kwenye nyusi, akamfunga mdomo na kidevu kwa kitambaa, kama mtu anayeogopa vumbi. Akamwambia, "Ndugu, twende kwetu." Alikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki cha kufanya duniani, kumfikisha Banza Likasi, kwa watu wake, azikwe na wanaojua jina lake.

Kwenye kizuizi cha kijiji cha kwanza kulikuwa na mti umelazwa njiani, na mwanaume mwenye koti la kijeshi lisilo na vifungo, ameketi kwenye kiti cha plastiki.

"Huyu iko na nini?"

"Mugonjwa, chef. Malaria imemupanda ku kichwa."

"Mbona hasalimie?"

"Banza, salimia chef," Kazadi alisema, akangoja kidogo, kama unavyomngoja mtu. "Hasikie, chef. Tangu asubuhi."

Yule bwana aliinuka. Akamzunguka Banza polepole, akaushika mkono wake uliolala pajani.

"Iko baridi sana, huyu."

"Njo malaria, chef. Saa ingine moto, saa ingine baridi."

Yule akauachia mkono, akajipangusa vidole kwenye suruali. "Haya, pita. Pita mbio. Asinifie hapa, weye ukaniletea mambo."

Ulipoinuliwa mti, mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo alikuja na kikombe cha maji. Alikuwa mtu mzima, na mzuri wa moyo, na hao ndio wabaya zaidi siku kama hiyo. "Mupe anywe, mwanangu. Midomo yake itakuwa mikavu." Alisimama pale aone. Kazadi akashusha kitambaa kidogo, akajiweka katikati ya mama na uso wa Banza, akamlowesha midomo. Maji yakateremka shingoni. "Amekunywa?" "Amekunywa, mama. Aksanti." "Mungu amusaidie," yule mama alisema, na Kazadi akajibu amina, akasukuma.

Alikuwa anazungumza naye sasa. Sehemu zenye watu ilikuwa lazima: shika vizuri, kilima hiki kidogo tu, tunakaribia. Lakini hata pasipo na watu hakunyamaza. Alimwonyesha nyaya za umeme. Alimwambia mchoma makala ni mjinga, kila mtu aliona miguu yake ni ya mwanaume.

Katikati ya mchana pikipiki ilisimama mbele yake. Kijana mwenye jaketi jekundu, peke yake, kiti cha nyuma kitupu.

"Papa, mugonjwa iko mubaya. Naenda Likasi. Mupandishe hapa nyuma yangu, weye umushikilie. Dakika makumi tano tuko ku hopitali."

"Aksanti, mutoto. Tutafika."

"Sitakulipisha. Bure, nasema."

"Hawezi kupanda hii pikipiki. Inamuchafua roho."

"Papa, angalia muntu yako. Angalia vile anainama."

Kazadi alijua: kijana angehisi uzito ule mgongoni mwake kabla ya kona ya kwanza. Angesimama palepale, na hapo palikuwa na kijiji kingine. "Nimesema hapana," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mkali, mchoyo, mtu mbaya.

Kijana akashika usukani wake. "Unamuua muntu kwa kichwa ngumu," alisema, akawasha, akaenda.

Kazadi alisukuma mpaka vumbi la pikipiki likaisha, ndipo akalia. Neno lile lilikuwa la kweli, ila lilikuwa limechelewa saa chache.

Jua lilipoanza kuteremka aligundua kitu. Mipira ilikuwa imelegea na Banza hakuwa anainama tena. Alikuwa amekauka vile alivyokaa, mgongo umenyooka, magoti yamekunjwa, mikono pajani. Alikuwa amekaa mwenyewe. Kwa mbali ungesema ni mtu anayepelekwa kanisani.

Kwetu habari ya kifo haipelekwi na mtu mmoja, na mke haambiwi mlangoni. Unapita kwanza kwa mkubwa wa familia. Yeye anatafuta wanawake wawili watatu wenye nguvu, wanaingia kama wageni, wanakaa karibu na mjane pande zote, na ndipo mkubwa anafungua mdomo. Kazadi alikuwa amelipanga hilo njia nzima: atapita kwa yaya Édouard, kaka mkubwa wa Banza, anayekaa mwanzo wa avenue yetu. Atamwachia Édouard maneno. Atakaa chini ukutani, na mtu atampa maji.

Mlango wa Édouard ulikuwa na kufuli. Jirani akasema ameenda Kambove kuona mtoto wake, atarudi kesho. Kazadi alisimama pale, mikono kwenye usukani, na watu walikuwa wameshaanza kutoka kuangalia.

Tulitoka sote, nani angebaki ndani? Umeme ulikuwa umekatika, mbabula, majiko yetu ya makala, zinawaka mbele ya nyumba, moshi umejaa avenue, na katika moshi ule tukamwona Kazadi anakuja, mweupe wa vumbi, na Banza nyuma amekaa kama mfalme.

"Champion amerudia," Mama Tina alisema. "Banza, mulima imekukula? Miguu iko wapi leo?"

Tulicheka. Mimi pia nilicheka, sitasema sikucheka. Mtu mwingine akasema na makala iko wapi, ao makala ni yeye, na tukacheka tena. Kazadi alipita katikati yetu anatazama gurudumu la mbele. Hakuwa na mahali pa kusimama. Akisimama kwetu, tungesogea, tungegusa, na Rosalie angelisikia jambo hilo kwa mayowe ya watu ishirini. Akasukuma mpaka kwenye lango la Banza.

Rosalie alikuwa nje, anasonga bukari, ugali wetu, juu ya mbabula, kitambaa cha kichwa kimeteleza. Aliwaona, akainama tena juu ya sufuria, akamaliza kusonga, akafunika. Alichukua bakuli la maji na sabuni akaja nalo mpaka karibu na ukuta, lakini hakumtazama mumewe usoni. Mtu aliyegomba asubuhi huona haya kutazama.

"Shemeki," alimwambia Kazadi, polepole. Tangu alfajiri ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Mumechelewa. Iko na nini, huyu?"

Kazadi akafungua mdomo. Alikuwa amelisema neno moja siku nzima, kwa mwenye koti la kijeshi, kwa mama wa mihogo, kwa kila aliyeuliza, na lilikuwa limezoea njia.

"Mugonjwa," alisema.

"Mugonjwa wa nini. Ni njaa." Rosalie aliweka bakuli chini, akajipangusa mikono kwenye kikwembe alichojifunga. Akamgeukia yule aliyekaa wima katika moshi, kofia machoni, na sauti yake ilikuwa na kicheko kidogo alichokuwa anakificha. "Baba Emma, ungali umenuna? Basi nunia mu nyumba, usinunie ku barabara, bantu banakuangalia. Shemeki, mushushe. Nawa mikono. Ingieni wote mukule, bukari iko moto."